Mama Asile wa Mwisho

Somo: Marko 5:21–43

Tunawasalimu ninyi nyote mlioko katika makazi ya Nakivale, wa kila kijiji na kila lugha, katika jina la Yeye ambaye utotoni alibebwa usiku na wazazi wake akawa mkimbizi Misri.

Kanisani tunaimba sana juu ya damu ya Yesu, na ni vema. Lakini juu ya damu iliyomo katika miili ya mama zetu na watoto wetu tunanyamaza. Somo la leo halituruhusu kunyamaza. Marko anatuonyesha wawili: mama aliyetokwa na damu kwa miaka 12, na binti wa Yairo mwenye umri wa miaka 12. Mama yule alikwisha kutumia fedha zake zote kwa waganga, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya Walawi 15 alihesabiwa najisi, ndiyo maana alikuja kwa nyuma, kwa kujificha. Yesu hakumkemea. Alisimamisha safari, akamsikiliza, akamwita binti yake mbele ya watu wote.

Tukitafakari kidogo, mtu aliyepoteza damu miaka 12 lazima alikuwa dhaifu, mwenye kizunguzungu, mwenye kuchoka hata kwa kutembea. Wako wengi kama yeye kati yetu, nao pia wanajificha.

Upungufu wa damu ni nini?

Katika damu mna chembe nyekundu zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda mwili mzima. Ili zifanye kazi hiyo mwili unahitaji madini ya chuma, ambayo tunayapata katika chakula. Chembe zikipungua, mtu huchoka haraka, moyo hupiga mbio, kichwa huuma, na viganja, ulimi na sehemu ya ndani ya kope hupauka. Wengine hutamani kula udongo. Wengi hawaoni dalili yoyote mpaka hali iwe mbaya. Kwa hiyo kipimo cha kituo cha afya ndicho kinachosema kweli. Mama mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ya damu, na katika miezi mitatu ya katikati chini ya 10.5.

Madhara yake si madogo. Mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu wakati wa kujifungua anaweza kufa haraka kuliko mwingine. Mtoto wake anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Mtoto mchanga aliyekosa madini ya chuma huchelewa kukua na kujifunza, na shuleni tutamwita mvivu, kumbe ni mgonjwa.

Inatoka wapi?

Wapo wanaosema amerogwa. Wapo wanaosema ni adhabu ya dhambi. Wapendwa, tusiwaongezee wagonjwa mzigo. Sababu zinajulikana:

1. Chakula kisicho na madini ya kutosha. Ugali wa mahindi au mihogo hushibisha tumbo, lakini peke yake haujengi damu.
2. Malaria, ambayo huharibu chembe nyekundu. Ndiyo maana mtoto anaweza kuishiwa damu kwa siku chache tu.
3. Minyoo ya safura, ambayo huingia kupitia ngozi ya miguu tunapotembea pekupeku penye udongo wenye kinyesi, kisha hunyonya damu tumboni.
4. Mimba zinazofuatana upesi, na hedhi nzito isiyotibiwa.
5. Ugonjwa wa selimundu, ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Huu hauponi kwa kumeza vidonge vya chuma, wala mtu asijitibu mwenyewe. Unahitaji daktari.

Na tuseme ukweli juu ya njaa. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao katika makazi ya wakimbizi ya Uganda hadi asilimia 70 ya kiwango kamili, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Mwaka 2023 familia ziligawanywa kwa makundi, na nyingine zikaondolewa kabisa katika mgao. Hilo hatukulifanya sisi, wala hatuwezi kulirekebisha kwa mahubiri. Lakini liko jambo moja ambalo liko mikononi mwetu, nalo ni namna tunavyogawa sahani ndani ya nyumba.

Nani anakula kwanza?

Tujichunguze. Siku chakula kinapokuwa kichache, nani anapewa kipande cha samaki? Mara nyingi ni baba, kisha wavulana. Mama anakula mwisho, anakwangua sufuria, ingawa yeye ndiye mwenye mimba, au ndiye anayenyonyesha. Mdogo wa mwisho anapewa mchuzi, samaki wenyewe wamekwisha. Katika baadhi ya desturi zetu mama mjamzito hukatazwa hata yai.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo la namna hii. Walikusanyika kwa jina la Bwana, lakini mmoja alishiba na mwingine akabaki na njaa (1 Wakorintho 11). Aliwaambia kwamba mkusanyiko wao haukuwa karamu ya Bwana. Je, sala tunayoomba juu ya ugali wetu itakuwaje, ikiwa mwenye kuhitaji damu zaidi ndiye anayepata kidogo?

Tazameni tena mwisho wa somo letu. Yesu alipomwinua binti wa Yairo, waliokuwapo walishangaa. Yeye hakusahau tumbo la yule mtoto, bali aliagiza alishwe. Aliyefufua wafu hakuona chakula kuwa jambo dogo. Basi anayesema kwamba imani inatosha, vidonge na chakula havina maana, asome mstari huo wa 43 mara mbili.

Tufanye nini?

Akina baba, anzeni ninyi. Kipande cha samaki, maini au yai kianze kwa mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo. Hamtapungukiwa heshima; Kristo ni kichwa cha Kanisa, naye alijitoa kwa ajili yake.

Tulime karibu na nyumba, hata kama ni kipande kidogo: lengalenga, maharage, nyanya, maboga. Dagaa wakisagwa wanaweza kutiwa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha. Madini ya mboga na maharage huingia mwilini vizuri zaidi tukila pamoja na pera, chungwa, limau au nyanya. Chai na kahawa huyazuia, kwa hiyo tuzinywe saa moja au mbili mbali na chakula. Na soda nyekundu haiongezi damu. Wekundu ule ni rangi tu.

Akina mama wajawazito, nendeni kliniki mapema. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki humezwa kila siku. Choo kikiwa cheusi msiogope, ni kawaida. Tumbo likisumbua, mezeni pamoja na chakula, wala si kwa chai. Viwekeni mbali na watoto, maana mtoto akimeza vingi anaweza kufa. Pokeeni pia dawa ya kuzuia malaria na ya minyoo kama mhudumu atakavyoelekeza.

Tulale ndani ya chandarua, tuchimbe na kutumia choo, watoto wavae viatu. Mtoto mwenye homa na viganja vilivyopauka, au anayehema kwa shida, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Tutamwombea njiani. Tusimfungie ndani tukimwombea mpaka kesho.

Na sisi wazee na mashemasi, tuwatembelee wajane na akina mama wanaoishi peke yao na watoto, kwa maana kwao hakuna wa kugawana naye. Kanisa liwe jamaa yao. Kikapu cha mboga kinachofika kwao ni sadaka mbele za Mungu.

Tuombe: Ee Bwana, uliyesimama kwa ajili ya mama aliyejificha kati ya watu wengi, tufungue macho tuwaone waliochoka ndani ya nyumba zetu. Utupe mioyo ya kugawana kilichopo, na hekima ya kwenda kutafuta tiba mapema. Wabariki wauguzi na wahudumu wa afya. Kwa jina la Yesu, Amina.

Mungu awabariki.