Sauti Kubwa, Pointi Sita

Kuna swali moja kwenye mchezo wa briji ambalo limenisumbua kuliko yote niliyosikia darasani kabla sijaacha chuo: unaweza kumkosea mtu bila kumwambia uongo hata kidogo?

Najua, briji ni mchezo wa wazee wa klabu zenye nyasi zilizokatwa vizuri. Mimi naucheza kwenye simu, usiku, na watu nisiowajua. Wachezaji ni 4, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja ana karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada. Unataja dau, yaani mtashinda mizunguko mingapi na turufu itakuwa ipi, na kila dau lazima lizidi lililotangulia. Pau, zile za maua, ndizo za chini. Juu yake uru, kisha kopa, kisha shupaza. Huruhusiwi kumwambia mwenzako kitu kingine chochote. Madau ndiyo lugha yenu yote.

Sasa mpinzani ameanza na uru 1. Una shupaza sita, mfalme na malkia wakiwemo, na J moja pembeni. Mfalme huhesabiwa pointi 3, malkia 2, J 1. Pointi 6 kati ya 40 zilizo mezani, basi. Hapo wengi huruka: shupaza 1 ingetosha kulipita dau lake, lakini unasema shupaza 2. Mwingine mwenye shupaza tano nzuri na pointi 13 angesema shupaza 1 tu, kwa upole. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwenye mali anaongea chini, mwenye pointi sita ndiye anapaza sauti. Enzi za Ely Culbertson, miaka ya 1930, ilikuwa kinyume: kuruka kulimaanisha mkono wako ni mzito. Baadaye wengi wakaona kwamba mkono mzito unahitaji nafasi ya mazungumzo kuliko kelele.

Maana kuruka kunakula nafasi. Ukisema shupaza 1, anayefuata bado anaweza kusema pau 2, uru 2, kopa 2, amweleze mwenzake polepole alicho nacho. Ukisema shupaza 2, hayo yote yameenda. Aanzie juu ama anyamaze. Hujamdanganya. Umemfunga mdomo kwa ukweli.

Nimejaribu kuliona hilo kama uhuni, nikashindwa. Sheria za briji zinakataa siri: wapinzani wana haki ya kujua kuruka kwenu kunamaanisha nini, na mkiwa mezani anayejibu ni mwenzako. Halafu kelele ina bei. Wakizidisha adhabu na mkapungukiwa mizunguko miwili, mnalipa 300. Mkiwa kwenye hali ya hatari, 500. Unahesabu kama hiyo 300 ni nafuu kuliko kuwaachia kopa 4, ambayo ingewapa 420. Na ukisharuka, unanyamaza. Umesema yote uliyonayo. Maamuzi mengine ni ya mwenzako.

Kwangu huyo mwenzako ndiye mzigo wa swali lote. Nafasi uliyoila ilikuwa yake pia. Kama alikuwa na pointi 15 na jambo la maana la kusema, naye umemziba.

Mwaka juzi nyanya alilazwa, bili ikapanda hadi kikaitwa kikao cha familia. Baba mdogo, ambaye kusema kweli mchango wake ulikuwa mdogo kuliko wote, alisimama wa kwanza. "Tuuze kipande cha shamba. Hakuna njia nyingine." Aliamini hivyo kabisa. Lakini kuanzia hapo kila aliyeongea alianzia kwenye shamba: nani atanunua, kwa bei gani, lini. Na baba mdogo hakunyamaza. Alijibu kila mtu hadi chai ikaisha. Shangazi, aliyekuwa amekaa na nyanya wodini wiki mbili, alifungua mdomo mara moja, akaufunga. Nusu ekari ikaenda. Miezi kadhaa baadaye, tukiosha vyombo, ndipo aliponiambia kwamba hospitali ilikuwa tayari kulipwa kidogo kidogo.

"Sasa ningeanzia wapi?" aliniuliza.

Ukimuita baba mdogo mwongo utakuwa unamwonea. Ukisema alikosea hesabu tu, utakuwa unamwachia rahisi mno. Aliruka kwenye meza isiyo na mpinzani. Nafasi yote aliyoila ilikuwa ya watu wa upande wake, na adhabu haikutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana sishawishiki na wanaosema dhambi ya mdomo ni uongo peke yake. Hata hivyo sitaki kusema kila mtu aongee chini. Mnyonge akikabiliana na mwenye nguvu, wakati mwingine silaha yake ni kuongea kwanza na kuongea juu, na nani atamlaumu?

Mwezi uliopita dalali alikuja kuulizia kipande kilichobaki. Shangazi hana hati wala senti. Ni yeye tu aliyekuwa nyumbani, mimi nikiwa nyuma yake. Kabla dalali hajamaliza salamu, alitajiwa bei ambayo kijijini kwetu haijawahi kusikika. Shangazi hakuongeza neno. Dalali alikunywa chai yake, akauliza kuhusu mvua, akaenda.