Wajibu kwa Asiyeweza Kulalamika

Je, mwenye mbwa mdogo anayekula vizuri na kuchangamka ana wajibu wa kumpeleka kwa daktari wa mifugo kila mwaka? Nasema anao, na chanzo chake ni ukimya wa mnyama mwenyewe. Mbwa huficha maumivu. Wale wa umbo dogo huugua sana fizi, kwa kuwa meno yao yamebanana katika taya finyu, na wakizeeka vali ya moyo huweza kuvuja. Daktari huisikia hitilafu hiyo mapema, mara nyingi kabla mbwa hajaanza kukohoa. Tumemfungia uani, tukamnyima uhuru wa kujitafutia. Kungoja dalili ni kumtwisha yeye gharama ya uzembe wetu.

Wapo watakaosema fedha za ziara hiyo ziwafae watoto kwanza. Hoja hii ni nzito. Lakini karibu vifo vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza tiba ya uhakika haipo. Chanjo ya ziara hiyo humkinga mtoto yuleyule. Wengine, hasa Waislamu wa pwani wa madhehebu ya Shafii, watataja unajisi wa mbwa. Hukumu ya kuosha mara saba kilichoguswa na mbwa inahusu twahara ya mtu, haifuti haki ya mnyama: wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Fukara hatwishwi asichokimudu. Chanjo ya bure, pale inapotolewa, inamtosha kwa kuanzia.