Bugali Umeachwa, Glasi Imebaki

Mtu wa Bunia anayeambiwa apunguze wanga ameambiwa jambo zito. Bugali wa muhogo ndio mlo wenyewe. Sombe, maharage na samaki wa Kasenyi huja kuusindikiza. Auache huo, aache na wali, makemba, viazi vya Djugu, mandazi ya asubuhi na chai ya sukari. Wengi wanaokubali wamepimwa damu wakakutwa na kisukari, au wamechoka kubeba mwili uliowazidi, na uamuzi wao unastahili heshima. Kukaa na jamaa wanaomega bugali, wewe ukabaki na sombe na kipande cha samaki, si kazi ndogo. Kisha jioni inafika, marafiki wanaelekea nganda, yaani baa, na swali linakuja lenyewe: bia nayo je? Na kama bia ina wanga, kaikpo, pombe kali ya kupikwa mtaani, je?

Kwa hesabu tupu jibu ni jepesi. Bia ya kawaida ina gramu 3 hadi 4 za wanga katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa kubwa ya sentilita 72 hupita gramu 20. Wanaofuata masharti makali hujiwekea gramu 20 hadi 50 kwa siku nzima. Chupa moja inaweza kumaliza fungu lote. Pombe kali haina wanga hata chembe. Ndiyo maana utasikia watu, tena wacha Mungu, wakisema kwamba bia wameiacha lakini kaglasi ka kaikpo hakavunji mlo.

Inafaa kuitazama hiyo kaikpo inavyopikwa. Unga wa muhogo huchanganywa na kimea cha mahindi, ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Kimea huvunja wanga ukawa sukari, chachu ikala sukari na kutoa kileo. Mchanganyiko hutiwa ndani ya pipa juu ya kuni, mdomo wa pipa ukazibwa mvuke usitoroke, na bomba likapitishwa katika maji baridi. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, mapema kuliko maji. Sukari na wanga havipandi na mvuke, vinabaki chini na machicha. Upande wa pili wa bomba kinadondoka kimiminika cheupe kama maji, tone baada ya tone, ndani ya chupa. Ule muhogo uliokataliwa kwenye sahani ndio umefika kwenye glasi, isipokuwa njiani umevuliwa kile kitu kimoja ambacho kanuni ya mlo inakitafuta.

Kanuni imetimizwa, basi. Je, kile kilichofanya kanuni iwekwe kimetimizwa?

Swali hili si geni duniani. Mwaka 1863, mjini London, mfanyabiashara wa mazishi aitwaye William Banting alichapisha kijitabu kuhusu unene wake. Daktari wake, William Harvey, alikuwa amemwagiza aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, naye katika mwaka mmoja akapungua kilo 20 hivi. Kijitabu kilisambaa sana, na hata leo wanaofuata mlo wa wanga kidogo humtaja kama babu yao. Lakini ratiba yake ya kila siku ilikuwa na glasi kadhaa za divai, na usiku, akipenda, kikombe cha jini, wiski au brandi bila sukari. Bia ilikatazwa pamoja na mkate. Vileo vingine vingi vilipita mlangoni bila kuulizwa. Mlo huu ulizaliwa na mwanya huo tangu siku ya kwanza.

Watawa wa Paulaner mjini Munich, katika karne ya 17, walipita njia hiyo kutokea upande wa pili. Wakati wa Kwaresima walijinyima chakula, na kwa kuwa mafundisho ya Kanisa yalihesabu kwamba kinywaji hakivunji mfungo, walipika bia nzito yenye lishe ya kuwashikilia. Banting aliacha nafaka akabaki na kileo. Watawa waliacha mkate wakainywa nafaka yenyewe. Wote walikuwa waaminifu kwa sheria yao, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu huwezi kumwita mwongo mtu aliyetimiza kila neno aliloahidi.

Aliyelichambua jambo hili vizuri kuliko wengi ni Thomas wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274. Katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, hakuweka kiasi cha kula na kiasi cha kunywa kileo katika fungu moja. Alivifanya fadhila mbili. Sababu yake ni kwamba kileo kinaizuia akili kwa namna ambayo chakula hakiizuii, kwa hiyo kinahitaji ulinzi wake peke yake. Wala hakusema kwamba divai ni haramu kwa asili yake. Alikataa kusema hivyo. Alichosema ni kwamba hatari ya kikombe ni ya aina nyingine na hatari ya sahani.

Hoja hiyo inafaa kukaa nayo. Bugali mwingi unapandisha sukari katika damu, lakini unamwacha mlaji na akili zake; kesho anaweza kupima, kujuta na kurekebisha. Kileo kinamgusa yule yule anayehesabu. Glasi ya pili inamkuta mwamuzi aliyelegea kidogo, na ya tatu inamkuta amelegea zaidi. Mwenye kujua nganda za Bunia anaijua njia iliyobaki: mishikaki inaletwa, pembeni yake makemba ya kukaanga au muhogo, na ile ahadi iliyolindwa mezani nyumbani kwa wiki mbili inaliwa kwa mkono saa nne usiku. Muhogo wa namna hiyo haukuingia kwenye hesabu ya kaikpo, lakini kaikpo ndiyo iliyoufungulia mlango.

Maandiko yanaijua tofauti hii. Danieli, katika nyumba ya mfalme wa Babeli, alikataa vyote viwili, chakula cha mfalme na divai yake. Mnadhiri wa kitabu cha Hesabu hakukatazwa mkate, lakini alikatazwa kila kitokacho katika mzabibu, hata kokwa na maganda yake. Kurani inakiri, katika sura ya pili, kwamba katika ulevi na kamari kuna manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Katika sura ya nne inawazuia waumini wasiikaribie sala wakiwa wamelewa. Kisha katika sura ya tano inakataza moja kwa moja. Sababu ya sura ya nne inagusa akili: mtu ajue anachokisema mbele ya Mungu. Hakuna hata mahali pamoja hapo panapouliza kinywaji kina sukari kiasi gani.

Ituri, mkoa wa Bunia, nayo ina historia yake. Mwaka 1896 mwinjilisti kutoka Buganda, Apolo Kivebulaya, alifika Boga, kusini mwa Bunia. Alihubiri dhidi ya ulevi na dhidi ya kuoa wake wengi, na Chifu Tabaro hakulifurahia hilo. Apolo aliteswa, akafungwa, akarudi. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa, na Apolo alizikwa Boga mwaka 1933. Misheni ya Africa Inland Mission iliingia upande wa Mahagi mwaka 1912, na kanisa lililotokana nayo, CECA 20, limelea vizazi vya Wakristo wasiogusa pombe. Wafuasi wa Kimbangu nao wanaikataza. Wakatoliki hawaikatazi, na Misa haiwezi kuadhimishwa bila divai. Familia moja ya Bunia inaweza kuwa na watu wa msimamo huu na ule kwenye benchi moja la sherehe.

Mkatoliki aliyepunguza wanga ana jibu la haki, na lisikilizwe. Atasema mlo wake ni agizo la daktari, haujawa nadhiri. Kwamba huko Kana maji yaligeuzwa divai. Kwamba Timotheo alishauriwa anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ni kweli yote. Hakuna anayemdai awe mtawa kwa sababu amepunguza bugali. Lakini akishaanza kusema kwamba amejinyima, na watu wengi husema hivyo, tena kanisani, wakiombewa nguvu, amevuka mpaka wa lishe. Kujinyima ni madai kuhusu nani anayetawala ndani ya mtu. Aliyeacha asichokipenda sana na kukilinda anachokipenda zaidi bado hajajibu swali hilo, hata mizani ikimpongeza.

Kuna na jambo la jirani. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba afadhali kuacha nyama na divai kuliko kumkwaza ndugu. Katika mkoa ambao vita vimewajaza watu katika kambi za waliohama makwao, kutoka Djugu, Irumu na Mahagi, uwezo wa kusema sili bugali tayari ni neema. Kambini bugali hauachwi kwa hiari, hukosekana tu. Mahindi na muhogo vinavyoingia katika pipa la kaikpo vingeweza kuingia katika sufuria. Isaya, katika sura ya 58, aliukataa mfungo wa mtu anayeinamisha kichwa huku akimpita mwenye njaa. Alitaka mkate ugawanywe. Mtu wa Bunia anayeacha bugali na kumpelekea jirani fungu lake la unga ameshika kitu ambacho hesabu ya gramu haiwezi kukiona.

Mwili nao una neno lake. Gramu moja ya kileo ina kalori 7, wanga una 4 tu, na ini hushughulikia kileo kwanza huku kazi ya kuchoma mafuta ikisubiri. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Pombe ya kupikwa mtaani haina hata asilimia iliyoandikwa, hivyo anayeinywa hajui anachokipima.

Na wale wenye kisukari, waliopunguza wanga na wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, wasikie hili kwa makini. Akiba ya sukari katika ini lao ni ndogo, na kileo kinalizuia ini kutengeneza sukari mpya. Sukari ya damu inaweza kushuka saa kadhaa baada ya kunywa, hata usingizini. Mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, na walio naye wanadhani amelewa, wakamwacha alale. Mtu wa namna hiyo akiwa bado ana fahamu apewe upesi soda au maji ya sukari. Akiwa amezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na kabla hajagusa glasi nyingine yoyote, amwambie daktari wake ukweli kuhusu kile anachokunywa.