Kushindwa kwa Hiari

Mcheza upanga atakaye watu waupende mchezo wake hana hotuba iliyo bora kuliko kuucheza mbele ya macho yao. Lakini asimamapo mbele ya umati hukabiliwa na swali ambalo halimpati akiwa peke yake na mwalimu wake. Je, awaoneshe watu mchezo ulivyo, ama aupambe ili wapendezwe? Na akiwa mstadi kuliko mwenziwe, je, ni wema kujiachia ashindwe, ili furaha ya watazamaji itimie?

Swali hili si dogo, kwani mchezo wa upanga una kasi ishindayo jicho. Ncha ya silaha huenda na kurudi kabla mgeni hajatambua nani kamgusa nani. Yeye hana njia ya kuijua kweli ila kuambiwa. Na asiyeweza kuijua kweli kwa jicho lake ndiye ahitajiye zaidi uaminifu wa wale wamwoneshao.

Upo mfano mashuhuri. Tarehe 9 Aprili 1787, katika jumba la Carlton House mjini London, mbele ya mwana wa mfalme aliyekuja kutawala Uingereza kwa jina la George wa Nne, walishindana wastadi wawili wa Ufaransa. Mmoja alikuwa Chevalier de Saint-Georges, mtunzi wa muziki na bingwa wa upanga, aliyezaliwa Guadeloupe na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika. Wa pili alikuwa Chevalière d'Éon, askari na mjumbe wa zamani wa mfalme wa Ufaransa, ambaye tangu mwaka 1777 aliishi kama mwanamke. Alikuwa na miaka 58, naye aliingia uwanjani amevaa gauni jeusi. Habari za siku zile zasema kuwa alimgusa Saint-Georges mara 7. Watu wakastaajabu, na penye ajabu hapakosi mnong'ono, kwamba huenda bingwa alijiachia kwa adabu.

Tuseme mnong'ono ule ni kweli. Wapo watakaomsifu Saint-Georges. Watasema kwamba kumstahi aliyekutangulia kwa umri ni utu, na kwamba mchezo usiomwaga damu haudhuru mtu ukipotezwa kwa hisani. Hoja hii ina uzito, lakini ikipimwa hupungua. Mtu wa miaka 58 aliyeshinda kwa jasho lake hupokonywa ushindi wake mara watu wasemapo kuwa aliachiwa. Aliyekusudiwa heshima ndiye atukanwaye. Tena, d'Éon aliendelea kuonesha upanga hadharani ili apate riziki, mpaka alipojeruhiwa vibaya huko Southampton mwaka 1796, akiwa na miaka 67. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji sadaka ya ushindi.

Hata hivyo, si kila kujiachia ni uwongo. Mwalimu wa upanga huvaa koti nene la kukinga, akafungua kifua chake makusudi, mwanafunzi apate kujifunza shabaha. Vivyo hivyo mchezaji aweza kumwita mtoto kutoka katika umati, akamtia silaha mkononi, akamwambia, "Niguse hapa." Mtoto hufurahi, watu hucheka, wala hapana aliyedanganywa, kwa sababu kila mmoja aona kwamba mlango umefunguliwa na mwenye nyumba. Ubaya basi haumo katika kushindwa. Umo katika kuficha.

Na kufichika kwa ushindi ni ndugu wa kufichika kwa kushindwa. Silaha iitwayo epei ilianza kutumia taa ya umeme katika Olimpiki ya mwaka 1936; ncha ikikandamizwa kwa nguvu ifikayo gramu 750, taa huwaka. Katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti alikutwa na silaha iliyotengenezwa kwa hila, hata akaweza kuiwasha taa bila kumgusa mtu. Aliondolewa mashindanoni. Yeye alijipa pigo lisilokuwapo. Ajiachiaye kwa siri humpa mwenziwe pigo lisilokuwapo. Taa zote mbili zawaka bure.

Kabla ya taa hizo, desturi njema ya upanga ilimtaka aliyeguswa akiri mwenyewe. Umeme umeyasaidia macho ya waamuzi, lakini haukuweza kuwa badala ya ulimi mkweli. Kwa hiyo mchezaji aliye mbele ya watu hana pambo zuri la kuwaonesha kuliko hili: aguswe kweli, pengine bila mtu kuona, kisha asimame, ainue mkono, aseme, "Nimeguswa." Atapoteza alama moja, na umati utakuwa umeuona mchezo wenyewe. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ajifanyaye kushindwa naye si mshindani.