Je, Zawadi Ikitangazwa Huwa Halali?



Ndugu zangu katika imani, wenzetu wa kitivo cha udaktari wanajua kwamba masomo yao hayaishi siku ya mahafali. Hapa Uganda, kama ilivyo Kenya, daktari hukusanya pointi za mafunzo endelevu ili leseni yake ihuishwe kila mwaka. Mafunzo hayo yana gharama: ukumbi, chakula, nauli ya mhadhiri. Kampuni za dawa huwa tayari kuzilipa. Swali langu ni hili: mhadhiri aliyepokea fedha za kampuni akizitangaza mwanzoni mwa somo, je, ameshatoka katika lawama?

Marekani wana utaratibu ulioandikwa. ACCME, baraza linalotoa ithibati kwa taasisi zinazoendesha mafunzo hayo, lilitoa kanuni mpya Desemba 2020, zikaanza kutumika Januari 2022. Kila mwenye mkono katika kuandaa somo hueleza uhusiano wake wa kifedha na kampuni hizo kwa miezi 24 iliyopita, hata kiasi kiwe kidogo vipi, na wasikilizaji huambiwa kabla somo halijaanza. Sheria ya 2010 nayo inazitaka kampuni ziripoti malipo yao kwa madaktari, na tangu 2014 mtu yeyote anaweza kuyasoma kwenye intaneti.

Dini yetu inaupenda uwazi. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) anafundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha kasoro, biashara yao hubarikiwa. Kwa msingi huo wapo watakaosema: aliyetangaza hana kosa.

Mimi nasita, kwa sababu ya kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichomo pia katika Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka. Aliporudi hakuficha kitu. Alitenganisha mali, akasema ipi ni ya Waislamu na ipi amepewa zawadi. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo, akiuliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ingemfuata huko.

Tofauti iko wapi? Mfanyabiashara anauza mali yake, na mnunuzi akishaijua kasoro anaweza kuondoka. Ibn al-Lutbiyya alishika amana ya wengine, na zawadi ilifuata cheo chake. Mhadhiri wa madaktari yuko karibu zaidi na huyu wa pili. Tangazo lake husikiwa na madaktari, lakini atakayeinunua dawa ni mgonjwa, ambaye hakuwamo ukumbini, wala hajui kama ipo dawa nyingine ya bei nafuu.

Tena tangazo lenyewe lina hatari. Mwaka 2005 watafiti Cain, Loewenstein na Moore walionyesha, katika majaribio yasiyohusu dawa, kwamba washauri waliotangaza maslahi yao walizidi kuupotosha ushauri. Huenda mtu akishatangaza hujiona ametua mzigo.

Sisemi tangazo lifutwe. Liwe mlango wa kuingilia, lisiwe mwisho wa safari. Kanuni za ACCME zenyewe zinakwenda mbele: wamiliki na wafanyakazi wa kampuni hizo, isipokuwa katika hali chache, hawaruhusiwi kuamua yatakayofundishwa, na uhusiano wa wengine lazima ushughulikiwe kabla ya somo.

Atakayesema huo ni ujira, si zawadi, na akumbuke kwamba ujira hulipwa na anayefanyiwa kazi. Kampuni ikilipa, imefanyiwa kazi gani?

Ndugu yangu na dada yangu mtakaovaa koti jeupe, siku mkipewa bahasha jiulizeni swali lile la mimbarini: kama nisingekuwa daktari, ingenifuata nyumbani? Jibu likiwa hapana, kuitangaza hakutoshi. Irudisheni.

Wabillahi tawfiq.