Kimya cha Mwanafunzi: Je, ni Adabu?

Ndugu msomaji, ukipita karibu na chuo ukawakuta watoto wamekaa kimya na mwalimu peke yake ndiye asemaye, bila shaka utasema: "Hapa pana adabu." Nami kwa miaka mingi nilisema hivyo hivyo. Leo nakuomba tulitazame jambo hili upya.

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullahi bin Umar kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba wake ni mti gani usiopukutisha majani, ambao unafanana na Mwislamu. Watu wakaifikiria miti ya majangwani. Abdullahi alijua moyoni kuwa ni mtende, lakini alijiona mdogo mbele ya wakubwa, akaona haya, akanyamaza. Mtume mwenyewe akatoa jawabu. Baadaye kijana alipomweleza baba yake, Sayyidna Umar hakumsifu kwa kimya kile, bali alimwambia kuwa angalifurahi mno lau angalisema.

Tuzingatie basi. Mtume, pamoja na elimu yake yote, aliuliza na akangoja kujibiwa, wala heshima yake haikupungua. Na haya, ingawa ni katika imani, haikusudiwi kumfungia mtu mlango wa elimu.

Nilipokuwa nikisomesha udhu na sala, palikuwa na mtoto mmoja mpole sana. Kila nikimwuliza, "Umefahamu?" hujibu, "Ndiyo, maalim." Nikimtaja mbele ya wenzake kuwa mfano wa adabu. Siku moja nilimwona akimwonyesha nduguye mdogo namna ya kutawadha, naye anaosha mikono bila ya kufika viwikoni. Nikamwuliza tangu lini anafanya hivyo. Akasema, tangu siku ile ya somo. Hakufahamu, akaogopa wenzake wasimcheke, nami nisimkaripie. Kumbe nilichokiita adabu kilikuwa ni hofu, na mwenye kuipanda hofu ile ni mimi.

Tangu hapo, kila juma nikawakalisha watoto duara, kama halaka za wanavyuoni misikitini, nami juu ya mkeka ule ule. Huulizwa suala moja, na husema kwanza aliye mdogo, kwani mkubwa akitangulia mdogo humfuata tu. Anayesema hakatizwi, anayekosea hachekwi, na asiyejua husema "sijui", hata akiwa ni mwalimu. Katika Suratul Mujadala, aya ya 11, tumeamrishwa tupeane nafasi katika mabaraza. Mimi naona nafasi hiyo si ya kukaa tu, ni ya kusema pia.

Wako watakaosema kuwa watoto watavunja heshima. Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu duara lina masharti. Lakini aliyezoea kungoja zamu yake na kumsikiliza mwenzake aliye mzito wa kusema, huyo ndiye aliyefunzwa adabu. Ama anyamazaye kwa kuogopa bakora, bakora ikiondoka na kimya chake huondoka nayo.

Ewe mwalimu mwenzangu, nawe mzazi, jioni ya leo mwambie mtoto wako akuonyeshe anavyotawadha. Akikosea, usimkaripie. Mwulize tu kwa upole kwa nini hakuuliza, kisha jiulize nafsi yako. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe milango ya elimu, wala tusiwe makufuli yake. Amin.