Jasho la Mwenzio na Sahani Yake



Asubuhi unapoketi na watu wa nyumbani kwako, mbele yenu mahamri na mbaazi za nazi, umepata kujiuliza vyakula hivyo vimetoka wapi? Nazi ni yetu. Lakini ngano na mbaazi hustawi bara, katika nchi kama Hanang, mkoani Manyara. Huko, katika miaka ya 1970, palikuzwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Na chini ya mlima Hanang, upande wa Gendabi, watu wanalima kwa jembe. Palizi na mavuno hayangoji, basi mwenye shamba huchukua vibarua.

Mfikirie kibarua mmoja. Ametoka kwake na chai ya rangi tu tumboni. Saa saba amekula ugali na maharagwe kidogo, akateremshia chai nyingine. Ifikapo saa tisa jembe limemwelemea. Tajiri wake anasema, "Mvivu huyu!" Je, ni uvivu kweli?

Damu huhitaji madini ya chuma, na maharagwe yanayo. Lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia yasiingie mwilini vyema; ndimu au chungwa huyasaidia. Mwaka 1979 watafiti walitangaza habari za wagema mpira wa Indonesia: wenye upungufu wa damu walikuwa wakigema kidogo kuliko wenzao, na walipopewa dawa ya chuma, kazi yao ikaongezeka. Basi wangapi tumewaita wavivu, kumbe ni wagonjwa? Hiyo ni dhulma ya ulimi.

Yuko atakayesema: "Ujira nimempa, tumbo ni lake." Sivyo tulivyofunzwa. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr kwamba watumishi wetu ni ndugu zetu, tuwalishe katika tunachokula, wala tusiwatwike wasiyoyaweza. Kumlisha ndugu ni pamoja na kumjuza kinachomfaa.

Lakini tahadhari! Elimu peke yake yaweza kuwa dhihaka. Kumhubiria matunda na mboga mtu uliyemlipa ujira usiotosha hata unga ni kumtupia lawama ya njaa yake. Kumwambia ale vizuri, na huku humwachi apumzike, ni hivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua saa moja. Hiyo ni haki yake, si hisani yako. Kwa hiyo anayetaka kufundisha na aanze na ujira, kisha saa, kisha sahani; hapo maneno yake yatasikika.

Wala usidhani nawasema watu wa Gendabi tu. Nyumba yako nayo ni mahali pa kazi. Yule binti aliyekanda unga wa mahamri hayo tangu alfajiri, yeye amekula nini? Saa ngapi? Amekula mlichokula, au ukoko na mchuzi uliobaki? Afya yake ni amana uliyokabidhiwa na wazazi wake, na amana huulizwa.

Kesho asubuhi, kabla hujatia mkono sahanini, mwite naye aje ale.

Wabillahi tawfiq.